Landrova Yangu na Pijo ya Bashi Chanda

Vijana, ninyi mnaoshinda gereji pale Mpemba, na ninyi wa Mlowo mnaonipigia honi nikipita, leo siwafundishi kurekebisha klachi. Mnazo simu, klachi zimo humo. Nataka kuwasimulia habari ya magari mawili ya zamani na wiki moja iliyonichanganya kuliko giaboksi yoyote niliyowahi kuifungua. Imeshapita, watu wameshaisahau, lakini mimi bado naigeuza kichwani, na kila nikiigeuza inatoa sauti nyingine.

Shule niliiacha darasa la tano. Hakuna aliyenifukuza. Lori la kahawa liliharibika mbele ya shule yetu, dereva akalala chini yake mchana kutwa akipigana na propela, nami nikalala pembeni yake nikiuliza hii nini na ile kazi yake nini. Lilipowaka, mimi nilikuwa tayari nimekaa juu ya magunia, utingo ambaye hajaajiriwa na mtu. Baba alinipata baada ya siku nyingi, akaniangalia mikono iliyojaa grisi, akasema haya, lakini usije ukasema hukusomeshwa.

Tangu hapo nimekuwa kiguu na njia. Sumbawanga, Kasama, Mpika, Kyela, nikarudi kwetu Mbozi, nikaondoka tena. Nimekuwa utingo, fundi, dereva, halafu fundi tena. Na kila gari nililomiliki nililibadilisha kwa jingine kabla halijanizoea. Huo ndio ugonjwa wangu. Nikiona boneti ya mtu imefunguliwa nataka kujua kilichomo, na nikishajua nataka kiwe changu. Mke wangu, Mama Tusa, hupenda kuwaambia wageni kwamba yeye ndiye chombo pekee ambacho sijakibadilisha, na kwamba ni kwa sababu hajatokea mteja.

Landrova ndiyo iliyovunja mwendo huo. Niliikuta kwa mkulima mmoja wa kahawa, chesisi ndefu, milango ya pembeni miwili kila upande, imegeuzwa banda la kuku. Nilitoa mayai kwenye boksi la vifaa kabla sijatoa betri. Mnaiona leo inang'aa, vijana wa maharusi wanaipiga picha, kuna mtu wa Dar alinifuata hadi nyumbani akitaka aipeleke kwenye maonyesho ya magari ya kale. Hamkuiona ilipokuwa na manyoya kwenye kabureta. Niliijenga kipande kwa kipande, na ilipokuwa tayari niligundua jambo geni kwangu: sikutaka kuondoka nayo kwenda kokote. Nilitaka tu iwe mlangoni.

Kazi yake kubwa ilikuwa kupanda hadi Ibaba, kijiji cha milimani. Mke wangu ni Mndali wa huko, na mama yake yuko huko hadi leo, mzee wa kupita kiasi, na hataki kushuka. Masika yakikolea, malori yanalala chini Itumba yakisubiri jua, lakini Landrova ilikuwa inapanda zile kona polepole kama mtu anayekwenda kudai haki yake. Tukifika, mimi naweka mfuko wa chumvi na sukari mlangoni, nasogea pembeni, natoa salamu nikiwa nimeitazama mianzi. Mama mkwe anaitikia kutoka ndani. Mkwe wangu simpi mkono, sijawahi, na sitampa. Ninyi wa siku hizi mnapiga picha na wakwe mmekumbatiana. Sisi tulilelewa vingine, na sioni kama tulipungukiwa heshima wala upendo.

Halafu nyonga ya Mama Tusa ikaanza kumsumbua. Mnaijua Landrova ilivyo juu. Mguu wake ukawa haufiki. Mimi fundi nikapata dawa: kreti la soda. Naliweka chini ya mlango, anakanyaga, mimi nyuma namshika kiunoni, nasukuma, anaingia. Halafu nalirusha kreti nyuma, tunaondoka. Tulikwenda Ibaba hivyo mara moja, na mara ya pili tukaishia Mlowo sokoni, akasema amechoka. Baada ya hapo kila nikitaja safari kulikuwa na maharage ya kupalilia, au mazoezi ya kwaya, au kichwa. Masika mawili yakapita bila yeye kumwona mama yake.

Kisha akaja mtu wa Ibaba aliyeshusha viazi, akapita nyumbani na ujumbe wa yule bibi. Aliutoa kama alivyopewa, akitazama chini: "Mama anasema hivi: kama wewe hupandi na mimi sishuki, basi tutaonana siku ambayo mmoja wetu haoni."

Mama Tusa alimshukuru, akampa chai, akaingia ndani. Mimi nikabaki uani na Landrova, tunatazamana.

Sasa Bashi Chanda. Jina maana yake ni Baba Chanda, kwa lugha ya kwao. Ni mzaliwa wa Kasama, ng'ambo ya mpaka, lakini amekaa Tunduma miaka mingi kuliko mitaa mingine ya Tunduma. Ni fundi wa kuchomelea, yadi yake iko nyuma ya ile foleni ya malori yanayosubiri kuvuka, na kwa hiyo hakosi kazi, maana lori likisimama muda mrefu dereva wake huanza kuona nyufa. Ameoa huku kwetu, kijiji cha Ndalambo. Kila mtu wa upande wetu anamwita mulamu, yaani shemeji, na wote tumezoea. Alikuwa na Pijo 504, ile ndefu ya kubebea familia, rangi ya maziwa, viti kama godoro la hospitali ya wakubwa. Niliitamani Pijo ile tangu siku ya kwanza aliponipa lifti. Sikumwambia, lakini fundi akitamani gari la mwenzake hana haja ya kusema, anajikuta tu amechuchumaa anaangalia chini.

Siku nilipompelekea bampa la kuchomelea nikamsimulia ule ujumbe wa Ibaba. Akavua miwani yake ya kazi. Akasema yeye naye Pijo inamtesa. Ikitoka tu nje ya mji kuelekea Ndalambo, jua la bondeni likiipata, inachemka kama chungu cha pombe. Mama mkwe wake macho yanamsumbua, anatakiwa kuletwa mjini mara kwa mara, na hawezi kumweka mzee wa watu porini huku anasubiri maji yapoe.

"Mulamu," akasema, "wewe una gari la kupandia milima, mimi nina gari la kukalia. Tubadilishane. Bila kuongezana kitu."

Hapo lazima nisimame niwaambie habari ya Fundi Nzowa wa Mlowo, aliyenifundisha kazi, maana bila yeye hamtaelewa kwa nini sikukubali palepale. Nzowa alikuwa mfupi, mkali, na hakuamini mtu anayetabasamu huku ameshika funguo. Alisema gari la kubadilishana haliangaliwi kama gari la kununua. Anayeuza anataka fedha. Anayebadilishana anataka kuachana na tatizo. Uende asubuhi, uweke kiganja kwenye boneti kabla ya salamu. Ikiwa ya moto, jua mwenzako ameamka mapema kukuficha asubuhi ya gari lake. Angalia limeegeshwaje: likielekea mteremkoni, stata imekufa. Nusa kijiti cha mafuta. Na zaidi ya yote, usiangalie gari, muangalie mwenye gari. Mkono wake utakwenda wenyewe kwenye ubovu. Kama mlango umelegea bawaba, ataunyanyua kidogo akiufunga bila kujua. Kama gia ya tatu inaruka, goti lake litaisogelea kuizuia. "Mkono unaungama kabla ya mdomo," alikuwa anasema.

Mimi nilidhani naelewa. Nikabadilisha pikapu yangu nzuri na gari la mtu mmoja Mpika lililokuwa kimya ajabu. Difu, yale meno yanayozungusha magurudumu ya nyuma, haisikiki kabisa. Nililisifia njia nzima hadi Tunduma. Nilipofika Mlowo, Nzowa akazunguka nyuma, akainama, akanusa, akaniambia niifungue. Ndani mlikuwa na ndizi mbichi zimesagika, maganda na yote. Mwenyewe alizijaza humo ili meno yasilie. Nzowa hakunigombeza. Alinyanyua kipande kwa bisibisi, akauliza kama nimekuja na chumvi.

Ninyi leo mnachomeka kompyuta chini ya usukani, inawaambia ugonjwa kwa namba. Sisi tulikuwa tunaweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, kama daktari. Sisemi yetu ilikuwa bora. Kompyuta yenu haiwezi kudanganywa na ndizi. Lakini Landrova na Pijo hazina pa kuchomeka kitu, kwa hiyo kwa hizi mbili mimi na bisibisi yangu bado tuna kazi.

Basi nikamwambia Bashi Chanda tufanye kama wazee wa kazi walivyofanya: tulazane magari. Desturi hiyo sasa imekufa, nawaelezeni. Kila mmoja anachukua gari la mwenzake kwa wiki moja, analiishi, analipeleka anakokwenda siku zote. Siku ya kurudishiana mnakutana, funguo zote mbili zinawekwa juu ya boneti moja. Anayetaka kubadilisha anachukua ufunguo wa mwenzake. Anayekataa anachukua wake, na haulizwi kwa nini, na urafiki unaendelea. Sheria ni moja tu: spana isiguse. Gari la kulazwa unaliendesha, unalisikiliza, hulifungui. Ukilitengeneza hujui tena ulikuwa unajaribu nini.

Tukapeana funguo.

Siku ya kwanza nilimfungulia Mama Tusa mlango wa Pijo. Alikaa kwanza, halafu akaingiza miguu, kama mtu anayekaa kitandani kwake. Akajiweka sawa. Akakunja kanga magotini vizuri, nikajua tunakwenda Ibaba.

Vijana, ile barabara ya lami kutoka Mpemba hadi Isongole, ndani ya Pijo ile, sijui niwaambieje. Landrova inakuhesabia kila jiwe. Pijo inakusimulia tu kwamba kulikuwa na jiwe. Mama Tusa aliimba alto ya kwaya yao hadi Itumba. Nilikuwa nimeshaamua. Nilikuwa nimeshaanza hata kuisahau Landrova, kama nilivyosahau zile zote.

Baada ya Itumba tukaanza kupanda. Kona ya kwanza sawa. Ya pili sindano ya joto ikainuka. Ya nne, mvuke mbele, Pijo ikanyamaza. Tukakaa kando ya shamba la ngano. Nikaongeza maji, tukapanda kidogo, ikachemka tena. Mama Tusa alishuka mwenyewe, akasimama barabarani akitazama juu ambako mabati ya kwao yalikuwa yanaonekana, madogo kama shilingi. Kwa nyonga ile asingeweza kutembea. Mtu mmoja wa bodaboda akajitolea. Mama Tusa akaiangalia pikipiki, akaiangalia ile kona, akamshukuru, akarudi garini.

Tukageuza. Kwenye mteremko haikuchemka.

Ndipo kichwa changu kilipoanza kuzunguka, na hakijatulia. Gari linalofika, mke wangu hapandi. Gari analopanda, halifiki. Nikimpa Landrova Bashi Chanda, nimempa mlima wa Ibaba wote. Nikibaki nayo, nimebaki na mlima ambao mwenye kwao haendi. Nilimpigia simu binti yetu Tusa, aliyeko Mbeya, akasema niuze zote mbili ninunue gari la watu. Nilimuuliza Mama Tusa mwenyewe. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. Alisema magari ni yangu na nifanye nipendavyo. Mmeoa baadhi yenu, mnajua hilo si jibu. Ni mlango umeegeshwa, na hujui kama umefungwa kwa ndani.

Nikalala na jambo hilo, nikaamka nalo, na siku ya tatu nikafanya kosa ambalo mtu asiye fundi hawezi kulifanya. Nilikwenda tu kuiangalia rejeta. Kuiangalia, basi. Nikaona mapezi yake yamezibwa na panzi na mbegu za majani ya bondeni, zimekauka zikawa kama tofali. Nikasema nitatoa panzi tu. Panzi walipotoka nikaona mkanda wa feni umelegea. Nilipokaza mkanda nikaona feni yenyewe imefungwa nyuma mbele, kuna mtu siku moja aliifungua akairudisha kwa kubahatisha. Kufika mchana, rejeta ilikuwa chini, naisukutua, inatoa matope mekundu kama maji ya masika. Nilikuwa napiga mluzi. Mama Tusa akapita, akaniangalia, akauliza kwa upole kama hilo ndilo kulazana.

Kesho yake nilipanda na Pijo peke yangu, kuijaribu tu, kona zote hadi juu, na sindano ikakaa katikati kama mzee kwenye kiti chake. Nilifurahi kwa muda wa kuvuta pumzi moja, halafu nikachanganyikiwa zaidi. Sasa Pijo inafika. Lakini inafika kiangazi. Masika yakija itateleza kwenye ule udongo kama kuku kwenye sakafu ya simenti, na yule bibi si mtu wa kumwambia asubiri jua. Tena ilikuwa bado ni Pijo ya Bashi Chanda? Mimi nilikuwa nalinganisha gari lake na langu, au kazi yangu na kazi yangu?

Siku ya kurudishiana Mama Tusa alisema anakuja, ana kitambaa cha kununua Tunduma. Tukaingia yadi ya Bashi Chanda asubuhi, malori yameshajipanga. Nikashuka, na jicho la Nzowa likafunguka lenyewe. Landrova ilikuwa imeegeshwa upande wake wa kushoto umebana ukuta. Hakuna dereva anayeegesha hivyo kwenye yadi kubwa. Nikajua ameigonga.

Bashi Chanda naye alikuwa anatabasamu huku ameshika funguo.

Tukasalimiana muda mrefu kuliko kawaida. Tukaulizana watoto, mvua, foleni ya mpakani. Mwisho nikaona bora niseme mimi. Nikamwambia Pijo nimeigusa.

"Umeigusa wapi?"

"Rejeta. Na feni. Na mkanda."

Akaiangalia Pijo, akaniangalia. "Mulamu, mimi nilikupa gari linalochemka. Sasa hili unalonirudishia ni la nani?"

Nikamwambia hata mimi sijui. Akafikiri, akajikuna shingo kwa ule mkono wenye makovu ya cheche, halafu akaingia kwenye Landrova na kuisogeza mbele, ikatoka ukutani.

Chini ya milango ya kushoto kulikuwa na ngazi. Chuma cha pembe, kimeanzia mlango wa mbele hadi wa nyuma, ngazi mbili, ya chini iko karibu kabisa na ardhi, imewekwa bati lenye vinundu ili mguu usiteleze. Na pembeni ya kila mlango mpini wa nondo, umezungushiwa mpira wa tairi la baiskeli usiumize kiganja. Kazi safi, imesuguliwa na kupakwa rangi.

Akaeleza huku akiangalia pembeni, maana na yeye alikuwa amevunja sheria. Alikwenda Ndalambo kumchukua mama mkwe. Mzee akaletwa hadi mlangoni mwa Landrova, mguu haufiki. Mke wake, Bana Chanda, alijaribu kumnyanyua peke yake akashindwa, na majirani wote walikuwa msibani.

"Na wewe?" nikauliza.

"Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba. Ningefanyaje? Mkwe wangu huyo. Kumwendesha naweza, yeye yuko nyuma, mimi natazama barabara. Lakini kumshika? Awe, mulamu." Hiyo ndiyo hapana ya kwao, na aliisema kama mtu anayefunga geti. "Nikarudi mjini bila yeye. Nikachomelea. Kesho yake nikaenda, akapanda mwenyewe kama malkia."

Vijana, nimekuwa fundi maisha yangu yote. Chuma cha pembe kimo kwenye banda langu. Mashine ya kuchomelea naazima hapohapo mtaani. Nimejenga Landrova ile kutoka kwenye kinyesi cha kuku. Na katika masika mawili ngazi haikunijia akilini hata mara moja. Bashi Chanda aliifikiria kwa siku moja, kwa sababu hakuwa na ruhusa ya kumgusa mtu wake. Mimi wangu nilikuwa na ruhusa ya kumbeba, basi nikawa nambeba.

Wakati nimesimama pale kama nguzo, Mama Tusa alikuwa ameshazunguka. Aliipima ngazi kwa macho, akaupapasa ule mpini. Akaweka mguu wa kwanza. Hapo mikono yangu ikanyanyuka yenyewe, ikamwendea kiunoni. Haikuniuliza.

"Baba Tusa," akasema bila kugeuka, "weka mikono mfukoni."

Nikaiweka. Akapanda ngazi ya kwanza, akapumua, ya pili, akaingia, akakaa. Akafunga mlango mwenyewe. Bashi Chanda alianza kupiga makofi, akaona sura yangu, akaacha.

Kutoka kule juu, kupitia dirishani, akaniambia. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja bei ya nyanya. "Siku ile Mlowo, uliponisukuma ndani mbele ya watu, yule muuza nyanya alisema, 'Mzigo umeingia, funga turubai.' Watu wakacheka. Na wewe ukacheka."

"Nilidhani ni nyonga," nikasema.

"Nyonga inauma. Lakini nyonga ningeipeleka kwa mama."

Nzowa alisema mkono unaungama kabla ya mdomo. Nimewachungulia wenye magari wengi kwa maneno hayo, na sikuwahi kuitazama mikono yangu.

Funguo tukaziweka juu ya boneti ya Pijo, zote mbili, kama desturi. Mimi sikusogea. Bashi Chanda hakusogea. Yeye alikuwa anaitamani Landrova, niliona, alikuwa ameiwekea jasho lake. Na mimi, Mungu ananiona, nilikuwa naitaka Pijo kuliko siku ile ya kwanza. Nimeshawaambia ugonjwa wangu: nikishajua kilichomo nataka kiwe changu, na rejeta ile nilikuwa naijua kila mrija. Tungekaa pale hadi malori yote yavuke.

Mama Tusa akashuka, taratibu, mguu baada ya mguu, akaja hadi kwenye boneti, akachukua ufunguo wa Landrova. Sheria inasema anayechukua wake haulizwi. Haikusema ni mikono ya nani, na hakuna aliyethubutu kuhoji.

"Bashi Chanda," akasema, "asante kwa kazi ya mikono yako. Mama mkwe wako mwambie nimempenda kabla sijamwona."

"Ee mukwai," akaitikia kwa adabu ya kwao, ameinamisha kichwa. Akachukua ufunguo wa Pijo, akaugeuzageuza, akaniuliza kwa sauti ya chini kama kweli haichemki tena. Nikamwambia ampandishe mkwe wake leo leo, waende hadi Ndalambo na dirisha wazi. Akasema mkwe wake sasa amezoea ngazi, gari la chini ataliona limemshusha hadhi. Sikujua kama ni utani. Bado sijui.

Kitambaa hakikununuliwa. Tulipotoka yadini nilidhani tunarudi nyumbani, akaniambia nikate kona Mpemba. Njiani Landrova ilituhesabia kila jiwe. Nilikuwa nasikiliza Pijo kichwani, vile ilivyokuwa kimya, na moyo unaniuma kidogo, na wakati huohuo nimefurahi, na vitu hivyo viwili havikukubali kukaa kiti kimoja. Mkiniuliza leo kama tulichagua vizuri, nitawajibu sijui. Zipo siku naiona Pijo inapita Tunduma, imebeba watu, imenyooka, naipigia honi kama mtoto. Muulizeni aliyekaa kushoto.

Ibaba tulifika jua likiwa bado lipo. Hata chumvi sikuwa nimenunua. Nikazima injini, nikashuka upande wangu, nikasogea pembeni kama inavyonipasa, nikaitazama mianzi. Ukungu ulikuwa unaanza kuvishika vilele vyake. Nyuma yangu nikasikia mlango unafunguliwa. Chuma cha ngazi kikalia mara moja, halafu mara ya pili. Halafu miguu, polepole, kwenye changarawe, na mlango wa nyumba ukifunguka kutoka ndani.

"Nani amekuleta?" sauti ya yule bibi ikauliza kwa Kindali.

"Nimekuja mwenyewe, mama."

Sikugeuka. Mianzi ile niliitazama muda mrefu sana, na mikono yangu ilikuwa mfukoni.